Bastola za jeshi na polisi

Bastola za jeshi na polisi ni silaha ndogo za moto ambazo wanajeshi na maofisa wa polisi hubeba kiunoni wakiwa kazini. Tofauti na bunduki, bastola ina mtutu mfupi na haina kitako cha kuegemeza begani. Kwa sababu hiyo ni nyepesi kubeba, lakini ni vigumu kupiga shabaha ya mbali nayo. Kwa kawaida hutumika kwa umbali wa mita chache tu.

Kwa mwanajeshi bastola ni silaha ya akiba: huitumia bunduki yake inapokwama, au akiwa na kazi isiyomruhusu kubeba bunduki, kama vile kuendesha kifaru au ndege. Kwa polisi wa doria mara nyingi bastola ndiyo silaha pekee ya moto aliyo nayo, naye huibeba katikati ya raia. Historia ya bastola hizi tangu karne ya 16 imeongozwa na maswali matatu: silaha inaweza kupiga mara ngapi kabla ya kujazwa tena? Je, itapiga kila inapohitajika? Na je, haitapiga wakati isipohitajika?

Aina na sehemu zake

Bastola za kisasa ziko za aina kuu mbili.

Rivolva ina silinda yenye matundu, kwa kawaida matano hadi saba, na kila tundu hubeba risasi moja. Mpigaji anapokoki nyundo au kuvuta kifyatulio, silinda huzunguka na kuleta risasi nyingine mbele ya nyundo.

Bastola ya magazini, au bastola ya nusu-otomatiki, huweka risasi katika magazini, yaani kisanduku chembamba kinachoingizwa ndani ya mpini. Nguvu ya risasi iliyopigwa huirudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda tupu hutupwa nje, kisha springi huisukuma sehemu hiyo mbele tena ikiwa na risasi mpya. Kila mvuto wa kifyatulio hupiga risasi moja tu.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la chuma, fataki ndogo kwenye kitako chake, baruti ndani yake na kichwa kinachoruka. Ukubwa wake hutajwa kwa kipenyo cha mtutu, kwa milimita au kwa sehemu za inchi.

Bastola za risasi moja

Bunduki za kwanza ziliwashwa kwa utambi wenye moto, jambo lililofanya iwe vigumu kuzibeba tayari kiunoni au juu ya farasi. Katika karne ya 16 mafundi wa Ulaya walitengeneza mtambo wa gurudumu dogo la chuma lililosuguana na jiwe na kutoa cheche. Hapo ndipo bastola ilipokuwa silaha ya kivita, hasa kwa wapanda farasi, ambao walibeba mbili au zaidi kwa sababu kila moja ilipiga mara moja tu. Mtambo huo ulikuwa wa gharama kubwa na uliharibika kwa urahisi.

Katika karne ya 17 ulienea mtambo wa gumegume, ambao jiwe lake liligonga kipande cha chuma na kuwasha baruti. Ulikuwa rahisi zaidi kutengeneza, ukatumika katika majeshi kwa zaidi ya miaka 150. Hata hivyo mvua au upepo uliweza kuizuia silaha isipige, na kila baada ya pigo moja ilibidi kushindilia upya baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu.

Mwaka 1807 mchungaji Mskoti Alexander Forsyth alipata hataza ya njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa. Kutokana na wazo hilo ilitengenezwa fataki, kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali hiyo. Fataki ilifanya kazi hata wakati wa mvua, na bila hiyo rivolva isingekuwa silaha ya kutegemewa.

Enzi ya rivolva

Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake huko Uingereza mwaka 1835 na huko Marekani mwaka 1836. Mwanzoni biashara yake ilishindwa. Ilifufuka wakati wa vita kati ya Marekani na Meksiko, pale kapteni Samuel Walker, aliyewahi kutumia silaha hizo pamoja na askari wa Texas, alipomshauri kutengeneza rivolva kubwa zaidi. Colt Walker ya mwaka 1847 ilipiga risasi sita na ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi, kiasi kwamba ilifaa kubebwa juu ya farasi kuliko kiunoni.

Rivolva za Colt zilihitaji kukokiwa kwa kidole gumba kabla ya kila pigo. Huko Uingereza, Robert Adams alitengeneza mwaka 1851 rivolva iliyojikoki yenyewe kifyatulio kilipovutwa. Mwaka 1856 ofisa wa jeshi, Frederick Beaumont, aliunganisha njia hizo mbili katika silaha moja. Rivolva nyingi za polisi za karne ya 20 zilifuata mpango huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa risasi kamili yenye ganda la chuma. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza rivolva ndogo ambayo silinda yake ilitobolewa toka upande hadi upande, hivyo risasi ziliingizwa kutoka nyuma bila kushindilia. Hataza ya mpango huo, iliyokuwa ya Rollin White, iliwazuia washindani huko Marekani hadi mwaka 1869. Baada ya hapo Colt nayo ilitoa rivolva ya risasi kamili, yenye kipenyo cha inchi 0.45, ambayo Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873.

Uingereza iliipokea rivolva ya Webley mwaka 1887. Ilifunguka katikati kama mkasi, na ilipofunguliwa ilitoa maganda yote sita kwa pamoja. Toleo lake la sita, la mwaka 1915, lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.1 na lilitumika sana katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Urusi ilipokea mwaka 1895 rivolva ya Nagant iliyobuniwa nchini Ubelgiji. Ilibeba risasi saba na ilikuwa bado mikononi mwa askari wa Kisovyeti wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kuzaliwa kwa bastola ya magazini

Baruti nyeusi ya zamani ilitoa moshi mwingi na kuacha masizi mazito yaliyokwamisha mitambo midogo. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi. Ilikuwa na nguvu zaidi na iliacha uchafu kidogo, hivyo ikawezekana kutumia nguvu ya risasi yenyewe kuendesha mtambo wa kujaza.

Bastola za kwanza za aina hiyo zilizouzwa kwa wingi zilitoka Ujerumani: ile ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893 na Mauser C96. Georg Luger aliiboresha ile ya Borchardt, na Uswisi ikaipokea kwa jeshi lake mwaka 1900. Kwa ajili ya bastola hiyo ilibuniwa risasi ya milimita 9 iitwayo Parabellum, jina linalotokana na msemo wa Kilatini usemao kwamba anayetaka amani ajiandae kwa vita. Jeshi la Ujerumani liliipokea bastola hiyo mwaka 1908 kwa jina la P08. Risasi yake ndiyo inayotumika zaidi katika bastola za majeshi na polisi duniani hadi leo.

Mbunifu aliyeacha athari kubwa kuliko wote alikuwa Mmarekani John Moses Browning. Alifanya kazi na Colt huko Marekani na na kiwanda cha Fabrique Nationale (FN) karibu na Liège, Ubelgiji. Bastola yake ndogo ya FN ya mwaka 1910 ndiyo aina iliyotumiwa na Gavrilo Princip kumuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, tukio lililotangulia Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa upande wa Jeshi la Marekani, vita vya Ufilipino vilikuwa vimezua malalamiko. Askari walieleza kwamba rivolva zao za inchi 0.38 hazikuwazuia wapiganaji wa Kimoro waliowashambulia kwa karibu. Mwaka 1904 maofisa John Thompson na Louis LaGarde walifanya majaribio na kupendekeza kipenyo kisichopungua inchi 0.45. Browning alibuni risasi na bastola ya ukubwa huo. Katika jaribio la mwisho ilipiga risasi 6,000 bila kukwama, na ikapokelewa tarehe 29 Machi 1911. M1911 ilibeba risasi saba katika magazini na ilibaki bastola rasmi ya nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 70.

Vita Kuu ya Pili na Vita Baridi

Browning alifariki mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha FN. Mbelgiji Dieudonné Saive aliikamilisha bastola aliyoiacha, na ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13, karibu mara mbili ya nyingine za wakati huo. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, kiwanda kilitengeneza bastola hizo kwa ajili ya wavamizi, huku kampuni ya John Inglis mjini Toronto, Kanada, ikizitengeneza kwa ajili ya majeshi yaliyopigana na Ujerumani. Hivyo silaha moja ilitumika katika pande zote mbili za vita. Uingereza iliifanya bastola rasmi mwaka 1954 badala ya rivolva.

Huko Ujerumani kampuni ya Walther ilitoa mwaka 1929 bastola iliyoitwa PP, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya bastola ya polisi. Iliweza kubebwa ikiwa na risasi mtutuni na nyundo ikiwa imelala, kisha pigo la kwanza kufanyika kwa kuvuta kifyatulio kwa nguvu zaidi, kama rivolva. Mpango huo ulihamishiwa katika bastola ya kijeshi P38, iliyopokelewa mwaka 1938 kuchukua nafasi ya P08.

Umoja wa Kisovyeti ulitumia bastola ya Tokarev ya miaka ya 1930, kisha ukapokea ile ya Nikolai Makarov mwaka 1951. Makarov ni ndogo, ina sehemu chache na hubeba risasi nane. China ilitengeneza nakala za zote mbili, na kupitia misaada ya kijeshi ya nchi hizo bastola hizo zilifika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Mwaka 1985 Marekani iliachana na M1911 na kuchukua Beretta ya Italia kwa jina la M9. Ilipiga risasi ya milimita 9 iliyokuwa ya kawaida kwa nchi za NATO, na magazini yake ilibeba 15.

Bastola mikononi mwa polisi

Jeshi la polisi la London lilipoanzishwa mwaka 1829, maofisa wake wa kawaida walipewa rungu, si bastola. Serikali ilitaka wananchi wawaone kuwa walinzi wa amani, si jeshi la kuwakalia. Hadi leo polisi wengi wa doria wa Uingereza hawabebi bastola. Kazi hiyo hufanywa na maofisa waliofunzwa maalumu. Ireland na New Zealand zina utaratibu unaofanana na huo.

Marekani ilifuata njia tofauti. Kwa muda mrefu maofisa wake walijinunulia silaha za kila aina. Theodore Roosevelt, aliyesimamia polisi wa New York kuanzia 1895 hadi 1897 kabla ya kuwa rais, aliwapa wote rivolva ya aina moja pamoja na mafunzo ya shabaha. Tangu mwaka 1899 Smith & Wesson ilitengeneza rivolva ya inchi 0.38 iliyoitwa Military & Police. Mamilioni yake yaliuzwa, na kwa miongo mingi ilikuwa silaha ya kawaida ya polisi huko na katika nchi nyingine nyingi.

Polisi walichelewa kuiacha rivolva kwa sababu maalumu. Risasi ikikataa kulipuka, mpigaji huvuta kifyatulio tena na silinda huleta nyingine. Bastola ya magazini ikikwama hubidi kuishughulikia kwa mikono miwili. Tarehe 20 Machi 1974 mtu mwenye silaha alijaribu kumteka Binti wa Kifalme Anne katika barabara ya The Mall, London. Mlinzi wake, James Beaton, alifyatua risasi moja kisha bastola yake ya Walther ikakwama. Alijiweka mbele ya binti huyo na kupigwa risasi tatu, lakini alipona. Baada ya tukio hilo walinzi hao walipewa rivolva.

Mambo mawili yaliusukuma upande wa pili. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa baada ya kutekwa, na jaribio la polisi la kuwaokoa lilishindwa. Baada ya hapo polisi wa Ujerumani Magharibi walidai bastola mpya za milimita 9 ambazo zingebebwa salama bila kufuli ya kufungua kwa mkono. Huko Marekani, tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano kujeruhiwa, na wengi wao walikuwa na rivolva. Ingawa hasara kubwa ilitokana na bunduki ya jambazi mmoja, tukio hilo liliharakisha kuhamia bastola za magazini.

Bastola za polima

Mwaka 1982 jeshi la Austria lilipokea bastola ya mhandisi Gaston Glock, aliyekuwa hajawahi kutengeneza bastola kabla ya hapo. Fremu ya Glock 17 ni ya polima, aina ya plastiki ngumu. Haikuwa ya kwanza, kwa kuwa Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa bastola ya namna hiyo mwaka 1970, lakini ndiyo iliyoenea. Ikiwa tupu ina uzito wa gramu 630 hivi, ukilinganisha na kilo 1.1 za M1911, na bado magazini yake hubeba risasi 17.

Glock haina nyundo ya nje wala kufuli ya kusukuma kwa kidole gumba. Kizuizi cha usalama kimo ndani ya kifyatulio chenyewe, na hufunguka kidole kinapokivuta. Hivyo silaha iko tayari daima, lakini usalama wake unategemea zaidi nidhamu ya kidole na mfuko mzuri wa kuibebea. Kampuni nyingi zimeiga mpango huo. Uingereza ilichagua Glock 17 kwa majeshi yake mwaka 2013, na Marekani ilichagua SIG Sauer P320 kwa majina ya M17 na M18 mwaka 2017.

Wingi wa risasi na uharaka wa kupiga ulizua swali jipya. Tarehe 4 Februari 1999 polisi wanne wa New York waliokuwa na bastola za magazini walimpiga risasi Amadou Diallo, kijana kutoka Guinea ambaye hakuwa na silaha, mlangoni mwa nyumba aliyoishi. Walifyatua risasi 41, na 19 kati yake zilimpata. Wawili kati yao walipiga risasi 16 kila mmoja. Mahakama iliwaachilia maofisa hao mwaka 2000, lakini kifo hicho kilileta maandamano makubwa na mjadala juu ya mafunzo ya polisi.

Tofauti ya risasi za jeshi na za polisi

Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku katika vita risasi zinazopanuka mwilini, kwa sababu majeraha yake ni mabaya kupita kiasi. Kwa hiyo majeshi kwa kawaida hutumia risasi ambazo kichwa chake kimefunikwa chote kwa chuma. Polisi wa nchi nyingi hutumia risasi zinazopanuka, kwa hoja kwamba risasi inayobaki ndani ya mwili haimpati mpita njia aliye nyuma. Wanaopinga husema kwamba ni jambo gumu kuruhusu dhidi ya raia kile kilichokatazwa dhidi ya askari wa adui.

Afrika ya Mashariki

Bunduki za gumegume na za fataki zilifika pwani na bara kwa njia ya biashara katika karne ya 19. Bastola ilikuja hasa pamoja na utawala wa kikoloni. Katika vita vya 1914–1918 askari Waafrika wa King's African Rifles na wa Schutztruppe ya Kijerumani walipigana kwa bunduki. Bastola ilikuwa kwa kawaida silaha ya maofisa, ambao walikuwa Wazungu. Kwa hiyo bastola ilikuwa pia alama ya cheo.

Nchini Kenya jina Ceska limezoeleka katika habari za polisi. Linatokana na jina la kiwanda cha nchi ya Ucheki kinachotengeneza bastola za CZ, kikiwemo chapa ya CZ 75 iliyobuniwa na ndugu Josef na František Koucký. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Itifaki hiyo inazitaka serikali kuweka alama na kumbukumbu za silaha, zikiwemo zile za vyombo vya dola, ili silaha iliyopotea iweze kufuatiliwa.

Sheria za matumizi

Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Tennessee dhidi ya Garner kwamba polisi hawaruhusiwi kumpiga risasi mtuhumiwa anayekimbia ikiwa si hatari kubwa kwa watu. Mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Havana, Kuba, ulipitisha Kanuni za Msingi za matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa maofisa wa sheria. Kwa mujibu wake ofisa hutumia kwanza njia zisizo za nguvu, hujitambulisha na kutoa onyo inapowezekana, na hupiga kwa nia ya kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai. Kanuni hizo zinataka pia kila tukio la kifo au jeraha liripotiwe.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011 ina masharti yanayofanana katika Jedwali lake la Sita. Mwaka huohuo Kenya ilianzisha Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi (IPOA), ambayo huchunguza vifo na majeraha makubwa yanayosababishwa na polisi.